Usukani wa Duara kwa Barabara za Musoma

Baiskeli ya mashindano ikitoka kwenye mzigo wa mtumba, mara nyingi jambo la kwanza mnunuzi analomwambia fundi ni kumng'olea lile dude la mbele. Dude lenyewe ni ule usukani unaokwenda mbele, ukajipinda, kisha ukarudi chini kumwelekea mpanda. Fundi hulegeza nati, akaweka bomba lililonyooka la baiskeli ya milimani, na usukani wa awali ukaishia kwenye boksi la vyuma. Pengine mnunuzi amefanya vizuri. Tatizo ni kwamba huwa amepima kwa macho tu: ameona umbo geni, akahisi litamuumiza mgongo, basi. Hajauliza breki zake ni za aina gani, atapita barabara ipi, wala upepo utampiga kutoka wapi.

Mtu wa Makoko, hapa Musoma, mwenye baiskeli ya namna hiyo ana maswali mawili ya kujibu. La kwanza, usukani huo ubaki au uondoke? La pili, ambalo wauzaji wenyewe hulikwepa, ukibaki, uwe wa mkunjo gani? Maana wa duara la kizamani si sawa na ule mfupi unaofungwa kwenye baiskeli mpya, ingawa kwa mbali inafanana. Naona jibu la swali la pili linategemea kishikio cha breki kuliko kitu kingine chochote. Kwenye kishikio cha zamani duara ndilo chaguo bora. Kwenye kishikio kipya kilichobeba na gia, duara linageuka kero.

Tuanze na tulichozoea. Baiskeli iliyotengeneza macho ya watu wa Mara ni ile nzito ya gurudumu la inchi 28: Phoenix kutoka Shanghai, Avon kutoka India, Raleigh kutoka Nottingham kabla yake, na Swala iliyotoka kiwandani Dar es Salaam enzi za mashirika ya umma. Usukani wake ni mpana, umerudi nyuma, umemkalisha mpanda wima kama aliye kitini. Umbo hilo lina sababu. Nyingi za baiskeli hizo zina breki za fito za chuma badala ya waya, na fito haziwezi kuufuata usukani unaojikunja. Tena mzigo uko nyuma, kwenye keria: gunia la dagaa, madumu ya maziwa, mama na mtoto. Uzito ukiwa nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito na kuyumba, na kinachomwokoa mpanda ni upana wa usukani unaompa nguvu ya kulirudisha njiani. Kwa hiyo anayebeba samaki kutoka mwaloni kwenda sokoni asipoteze muda na makala haya. Usukani wake anao tayari, na ni mzuri.

Tunayemzungumzia ni yule anayetoka mikono mitupu, au na begi dogo mgongoni, akiwa na safari ndefu ya lami: Makoko hadi Makutano, Butiama, Bunda, au Kirumi kwenye daraja la Mto Mara. Huyu hapambani na mzigo. Anapambana na hewa.

Na hewa ya Makoko ina ratiba. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo ukatoka bara kuelekea ziwani. Mchana jua likishachoma ardhi, mambo hugeuka, upepo ukaja kutoka ziwani. Wavuvi wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Musoma iko ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, hivyo upepo wa mchana hutoka upande wa magharibi. Hesabu ya mpanda baiskeli inakuwa ya kuudhi. Akitoka alfajiri kwenda Makutano anakutana na ule wa bara, ambao kwa bahati huwa dhaifu. Akirudi saa tisa alasiri, amechoka na chupa ya maji imekwisha, anakutana na ule wa ziwani usoni njia nzima.

Tufanye anakwenda kilomita 20 kwa saa na upepo wa mbele una kasi ya kilomita 15 kwa saa. Hewa inampiga kwa kasi ya 35. Kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, nguvu inayomrudisha nyuma ni karibu mara tatu ya ile ambayo angekutana nayo siku ya utulivu. Sehemu kubwa ya kinachozuia upepo huo ni kifua na mabega yake mwenyewe, baiskeli mchango wake ni mdogo. Kwa hiyo kuinama si mbwembwe. Mikono ikishuka sehemu ya chini ya usukani, kifua hushuka, viwiko huingia ndani, na mtu yule yule mwenye miguu ile ile anasogea kwa nguvu kidogo zaidi ya alizokuwa akitumia kusimama.

Ila hapo ndipo watu wengi wa duara, mimi nikiwa mmoja wao, hupenda kutia chumvi. Tofauti ya kina kati ya mikunjo si kubwa. Usukani wa duara wa kawaida hushuka kama milimita 140 hadi 150 kutoka bomba la juu hadi la chini, na husogea mbele milimita 80 hadi 100. Mkunjo mfupi wa kisasa hushuka kama 125 na kusogea mbele 70 hadi 80. Sentimita mbili hivi. Sentimita mbili za kifua hazitakuwahisha Musoma. Anayekaa chini saa nzima kwenye mkunjo mfupi atamwacha mbali yule anayeshuka dakika moja kwenye mkunjo mrefu kisha akapanda kwa maumivu ya kiuno. Waliobuni mkunjo mfupi walisimama kwenye hoja hiyo, na walikuwa sahihi kuhusu watu wengi.

Faida ya duara iko kwingine, kwenye nafasi. Mkono una mahali pengi pa kukaa: bomba la juu karibu na shingo ya usukani, kona ya bega lake, juu ya kishikio cha breki, ndani ya duara, na mwisho wa bomba la chini. Kwa kuwa mkunjo hauna bapa wala kona, kiganja huteleza kutoka sehemu moja hadi nyingine na kusimama popote mfupa unapopataka. Usukani wa miaka ya 1990 uliopewa bapa ndani ya mkunjo, kwa nia ya kuufuata mkono wa mwanadamu, ulifuata mkono wa mtu mmoja tu aliyekuwa maabara. Ukiangukia kipimo chako, raha. Usipoangukia, bapa hilo linakuchimba kiganja mahali pale pale hadi ufike. Aliyewahi kupata ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete baada ya safari ndefu anajua gharama yake. Ule ni mshipa wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja, ukikandamizwa bila kupumzishwa.

Tena kina kikubwa kina matumizi ambayo hayaonekani dukani. Ukiinua shingo ya usukani mpaka bomba la juu likazidi kiti kwa kimo, ile sehemu ya chini inapanda nayo na kuwa mahali pa kukaa kwa muda mrefu, si pa kukimbilia kwa dharura. Juu unapata mkao wa kupanda kilima na kusalimiana na watu, chini unapata mkao wa kupasua upepo, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya kweli. Kwenye mkunjo mfupi tofauti hiyo hupungua, na mkono unahama bila mgongo kupata nafuu yoyote.

Sasa kishikio. Duara tunaloliita la kizamani lilikomaa miaka ya 1930, na moja ya maumbo yake bado linaitwa kwa jina la Sylvère Maes, Mbelgiji aliyeshinda Tour de France mwaka 1936 na 1939. Kwa miongo mingi baadaye kishikio cha breki kilikuwa kitu chembamba chenye raba ndogo juu, na gia zilibadilishwa kwa vijiti viwili kwenye bomba la fremu. Raba ile haikujengwa kulaliwa na kiganja siku nzima. Mpanda alishika juu akiwa hana haraka, akashuka chini akiwa na haraka. Usukani ukachorwa kwa maisha hayo: bega linateremka mbele kwa mwinamo laini, kishikio kinafungwa chini kidogo kwenye mkunjo, na kidole kikiwa ndani ya duara kinakifikia bila kuhangaika.

Mwaka 1990 Shimano waliingiza gia ndani ya kishikio cha breki kwenye vifaa vyao vya Dura-Ace, na Campagnolo wakafuata mwaka 1992. Kishikio kikanenepa. Kikawa makazi ya mkono: watu wakaanza kushinda juu yake, wakibadilisha gia na kufunga breki bila kuhama. Usukani ukalazimika kukifuata, bega likasawazishwa ili kiganja kisidumbukie. Aliyeangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali mwaka 2025, ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, aliwaona wapanda wakipandisha vilima vya Rwanda mikono ikiwa juu ya vishikio karibu muda wote, na misukani mingi ikiwa mifupi na bapa.

Ukikifunga kishikio kinene cha namna hiyo kwenye duara la zamani, kunatokea bonde kati ya bega na raba, na kifundo cha mkono kinapinda hapo. Fundi atajaribu kuuzungusha usukani juu kuliziba bonde. Hapo bomba la chini linaelekea ardhini na kishikio kinakwenda mbali na vidole, hivyo ukishuka chini huifikii breki vizuri. Umetibu kidonda kimoja kwa kufungua kingine. Kwa mwenye vishikio vya gia, namshauri achukue mkunjo mfupi bila aibu, hata kama duara linapendeza zaidi machoni. (Nalo linapendeza, tusidanganyane.)

Lakini baiskeli nyingi za mashindano zinazofika kwetu kwa bei ya kueleweka ni za kabla ya mageuzi hayo, au zimekwishapoteza vishikio vya gia vilivyokufa. Vishikio hivyo vikiharibika ndani ni vigumu kutengenezeka kwenye kibanda cha fundi wa kawaida, wakati kishikio chembamba cha waya mmoja hutengenezwa kwa spana, mafuta na waya mpya. Ndiyo maana naliona duara kuwa chaguo la akili kwa Musoma. Ufaransa wanalipenda kwa kumbukumbu. Hapa linakwenda sambamba na kifaa ambacho fundi wa Nyasho anaweza kukifufua.

Kulifunga kuna mitego, na mitego hiyo ni ya milimita. Sehemu ya katikati ya usukani inayobanwa na shingo ina vipenyo tofauti. Misukani mingi ya Japani na ya chuma ni 25.4, ya Kiitalia ni 26.0, na ya kisasa ni 31.8. Usukani wa 25.4 ndani ya shingo ya 26.0 utaingia vizuri na kukudanganya. Kuna mafundi wanaokata bati la kopo la soda na kulizungushia. Kwenye tambarare linashika, ila siku utakapofunga breki kwa nguvu mbele ya tuta, usukani utazunguka chini ya mikono yako. Pima kwanza, na kama hakuna kipimo, lipia safari ya dalali wa vipuri Mwanza kuliko kulipia meno.

Mtego wa pili ni kishikio chenyewe. Bomba la usukani uliojikunja, pale kishikio kinapokaa, ni milimita 23.8, wakati usukani ulionyooka wa baiskeli ya milimani na ile nzito ya mzigo ni 22.2. Kishikio cha moja hakikai kwenye nyingine, hata ukikisihi kwa nyundo. Halafu kuna urefu wa waya unaovutwa. Kishikio cha usukani uliojikunja huvuta waya kidogo, na breki ndefu za V za baiskeli za milimani zinahitaji waya mwingi. Ukivichanganya, utabana hadi kishikio kiguse bomba na gurudumu bado linazunguka. Na anayeng'oa usukani uliojikunja ili aweke ulionyooka huangukia shimo lile lile kutoka upande wa pili: breki zake fupi za barabarani, zikivutwa na kishikio cha V, huwa ngumu mkononi na hazina nguvu. Hapo atasema baiskeli ni mbovu, kumbe alikuwa na mfumo mzima akauvunja nusu.

Mtego wa tatu unalipendelea duara. Shingo nyingi za zamani zimefungwa pande zote, hazina kifuniko cha mbele cha kufungua. Usukani lazima upitishwe kwenye tundu mwanzo hadi mwisho, vishikio vikiwa vimetolewa, ukizungushwa taratibu kwenye kila mkunjo. Duara laini hupita. Mkunjo mfupi wenye kona kali hukwama, na kuulazimisha kunalichuna bomba pale pale linapobeba mzigo mkubwa. Shingo hizo hizo zina wema mwingine: unalegeza bolti ya juu, unaigonga kidogo, unauinua usukani sentimita kadhaa, mradi usivuke mstari wa kikomo uliochorwa kwenye chuma. Baiskeli mpya ambayo bomba la uma limekwishakatwa haikupi ruhusa hiyo.

Kuvifunga vishikio kuna kanuni ya zamani isiyohitaji kipimo. Weka bomba la chini la usukani likiwa sambamba na ardhi, au mwisho wake ukishuka kidogo kuelekea breki ya nyuma. Chukua rula au fito iliyonyooka, iweke chini ya bomba hilo ielekee mbele, kisha shusha kishikio mpaka ncha yake iiguse. Kaza kidogo, kaa juu ya baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, shuka mikono, vuta breki kwa vidole viwili. Mwenye vidole vifupi apandishe kishikio nusu sentimita au akizungushe kuelekea ndani. Hapa wanawake wengi na vijana hukata tamaa na usukani huu, wakati tatizo lilikuwa mahali kilipofungwa kishikio kilichopangwa kwa mkono wa mwanamume wa Ulaya mwenye urefu wa futi sita.

Upana nauweka mbele ya umbo. Usukani ufanane na mabega, kutoka mfupa hadi mfupa: sentimita 38 hadi 40 kwa mtu mwembamba, 42 hadi 44 kwa wengi. Kwenye mashindano, miaka ya karibuni watu walibana usukani ukawa mwembamba kupita kiasi kwa kutafuta upepo, hadi shirikisho la baiskeli duniani, UCI, likaweka kikomo cha chini cha sentimita 40 kwa upana wa nje kuanzia 2026. Kwenye barabara yetu sababu ya kutobana ni nyingine. Basi la Sirari likikupita karibu linakusukuma na upepo wake, kisha linakuvuta. Usukani mwembamba unakupa nafasi ndogo ya kulirudisha gurudumu kabla halijaacha lami.

Kuna mahali ambapo duara linashindwa kabisa, na ni vyema kusema wazi. Barabara ya Majita kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe, na kwenye changarawe mtu hutaka mikono iachane zaidi chini kuliko juu. Ndiyo maana mbio za aina hiyo, kama Migration Gravel Race iliyoanza 2021 upande wa pili wa mpaka, huko Maasai Mara, zimejaa misukani ambayo sehemu ya chini imetanuliwa nje. Duara la kizamani limesimama wima, mikono inabaki na upana ule ule, na viganja vinapigwa. Kwa mjini nako halifai sana: rasta na matuta yamefuatana, pikipiki zinakata mbele, na kichwa kilichoinama hakioni. Mtu wa kutoka Makoko kwenda sokoni na kurudi, usukani ulionyooka unamtosha na kusaza.

Kwa safari ya kwenda Butiama ni habari nyingine. Ni njia ile ambayo Julius Nyerere akiwa mtoto aliitembea kwa miguu mwaka 1934 kuja kuanza shule Mwisenge, Musoma, kama kilomita 40. Katika miaka ya karibuni msafara wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam kwa baiskeli kufika kijijini hapo kuelekea 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Kwenye safari ya siku nyingi namna hiyo hakuna mkao mmoja unaovumilika, na ndipo kuwa na mahali patano pa kuweka mkono kunapokuwa na maana kuliko gramu za uzito wa usukani.

Anayeokota usukani wa duara kwenye boksi la fundi aukague kabla ya kuulipia. Alumini haipindi ikakuonya kama chuma. Hupata ufa mdogo, kisha siku moja hukatika. Vua utepe wote. Angalia pembeni mwa pale shingo inapobana na chini ya vishikio, kwa kucha na kwa tochi. Mchubuko unaozunguka bomba, au ukungu mweupe uliokula alumini kwa jasho la miaka, ni sababu ya kuuacha. Uliopinda ukanyooshwa usiuguse hata ukipewa bure. Ulio mzima uvishe mkanda. Utepe wa dukani ni mzuri, lakini tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu inafanya kazi, isipokuwa inachoma ikiachwa juani. Anza kufunga kutoka chini kupanda juu, ili mkono unapousukuma mkanda usifumue kingo, na malizia na utepe wa mafundi umeme. Mwisho ziba matundu mawili ya bomba, kwa maana ukianguka, bomba tupu hutoboa nyama ya paja. Kama huna vizibo, gunzi la mahindi lililochongwa likaingia kwa kubana linatosha hadi utakapovipata.